Rimu za Inchi Kumi na Nane

Gari lenyewe lilikuwa zuri, hilo sitalikana hata leo ninapolichukia. Mustang ya mwaka 1969, nyekundu, boneti ndefu, injini ya silinda nane yenye mngurumo wa kuwavuta watu madirishani. Vijay alilinunua Marekani kwa simu, likaja kwa meli, na siku lilipoingia uwanjani kwetu Neasden, London, alilia. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, mwenye gereji na nyumba kubwa Stanmore, alisimama mbele ya wafanyakazi wake akafuta machozi kwa kitambaa cha mafuta. Alituambia kwamba alipokuwa kijana Nakuru, Mmarekani mmoja alikuwa na gari kama hilo, na yeye alikuwa akiacha wateja dukani kwa baba yake ili atoke nje kulitazama likipita. Siku ile nilimpenda. Nalisema mapema ili mjue kwamba sikuanza na chuki.

Mimi ni Kizito, fundi wake wa matairi kwa miaka mitatu. Nasema fundi, kwenye karatasi zake niliandikwa msaidizi. Bukavu nilikuwa na gereji yangu mwenyewe, mtaa wa Kadutu, niliyorithi kwa baba, na watu walivuka mji mzima kuniletea magari. Vita vikaja, tukakimbia, na London nikaanza upya kwa kusugua vyoo vya maofisi huku nikingoja makaratasi. Yalipotoka mwaka 2001, Vijay akanichukua kwa sababu nilijua kazi na kwa sababu tulielewana kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha duka la Nakuru: leta, toa, shika, rudisha. Neno la kuomba sijui kama aliwahi kujifunza. Lakini akiwa na kazi ngumu aliniita "fundi," na mimi mjinga nililegea kila mara.

Mwaka 2004 alikodi banda Woolwich, nyuma ya soko, lenye milango miwili ya bluu. Waafrika walikuwa wamejaa kule, Wakongo, Wanigeria, Wasomali, kila mtu na gari bovu, na Vijay hakuwa mtu wa kuliacha soko kama hilo. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba banda likifunguliwa mwezi wa kumi na mbili litakuwa mikononi mwangu. Mimi ndiye nitakayeshika ufunguo, mimi ndiye nitakayechagua wafanyakazi, na jina langu litaandikwa mlangoni chini ya lake.

Sijui niwaelezeje ahadi ile ilinifanya nini. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza gari lina ugonjwa gani akangoja jibu langu. Agathe, mke wangu, alikuwa akihudumia wazee Tottenham, wale wa kulishwa na kubadilishwa nguo, na siku ileile niliyomwambia aliomba kuhamishiwa Woolwich. Kanisa letu la Wakongo lilikuwa kulekule, kwa hiyo Jumapili mbili mfululizo, baada ya ibada, niliongoza kundi la watu waliovaa suti na vitenge kwenda kutazama milango ya bluu iliyofungwa. Mchungaji alishika kufuli akaliombea. Nilisimama pale kama bwana harusi. Leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze, lakini siku ile niliwanunulia watu soda.

Ndipo Vijay akaleta rimu. Mustang lile lilikuja na rimu zake za asili, za inchi kumi na nne, na matairi manene kama yalivyokuwa magari ya zamani. Yeye alikuwa ameona picha kwenye gazeti la magari, na tangu hapo hakulala. Alitaka rimu za kisasa za inchi kumi na nane, pana, za kumeta, na matairi membamba ya ubavu mfupi. Alisema rimu ndogo zinalifanya gari lionekane limevaa viatu vya mtoto. Kwa macho hakukosea. Tulipozifunga, gari lilisimama kwa kiburi kingine kabisa, na wapita njia walikuwa wakishika nyavu za uzio wetu kuchungulia.

Mbele hakukuwa na tatizo. Nyuma ndiko kulikonitia wasiwasi. Tairi lilikuwa pana mno, na madigadi ya magari yale yana ukingo wa bati uliokunjwa kwa ndani, mkali kama kifuniko cha kopo. Kati ya ukingo ule na bega la tairi nilipitisha kidole kimoja, kikapita kwa kukwaruza. Na hapo gari lilikuwa tupu, limesimama juu ya springi zenye umri wa miaka thelathini na mitano.

Sasa, kwetu Kadutu kulikuwa na kazi moja ambayo baba hakuruhusu iachwe. Gari likishatengenezwa, kabla ya kumwita mwenyewe, tulililisha. Ndivyo tulivyosema, kwamba gari lazima lipate kula kwanza. Tuliwaita wapagazi wa sokoni na majirani, tukawapakia, tukaongeza magunia ya mihogo, kisha tukalipitisha kwenye shimo baya kuliko yote mtaani huku mmoja wetu akilala chini kutazama. Kongo hakuna gari linalosafiri tupu, kwa hiyo gari lililopimwa tupu halijapimwa. Uzito ndio unaosema ukweli wa springi.

Nikamwambia Vijay. Nilitumia heshima zote.

"Patron, hii gari haiyakula bado. Tunapashwa kuweka batu batano ndani, tupite nayo ku tuta, tuone. Huku nyuma iko karibu sana."

Alikuwa anajua habari ya kula kwa gari, maana nilikwisha kumweleza, na kwa magari ya wateja aliniacha nifanye, hata alikuwa akikaa kiti cha nyuma mwenyewe na kikombe chake cha chai. Lakini safari hii alitikisa kichwa. Alisema gari litabarikiwa Jumapili. Panditi, kuhani wao wa Kihindu, atakuja uwanjani, mama yake atakuwepo, watalipaka rangi nyekundu kwenye boneti, watavunja nazi, watalikanyagisha ndimu nne, moja kwa kila gurudumu. Kabla ya hapo hataki mtu ndani.

Nikamwambia sawa, basi wakae watu wa kwao. Akasema hapana. Halafu akaniangalia, akashusha sauti kama mtu anayenitendea wema.

"Kizito, si ubaya. Lakini nyinyi hapa mnakula nyama. Mama yangu atakaa ile kiti."

Wafanyakazi wenzangu hawakuelewa Kiswahili, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nilirudi kwenye jeki yangu masikio yakiwaka. Kwa miaka mitatu mikono hii ya kula nyama imefunga breki za familia yake nzima, na hakuna aliyeiogopa.

Mchana, Vijay alipokwenda kula, nilichukua betri nne kuukuu, zile nzito za malori, nikazipanga ndani ya buti juu ya gunia. Sikuingia ndani ya gari. Nililala chini nikarudisha kidole changu mahali pale, na kidole hakikuingia. Ukucha tu uliingia. Betri nne ni uzito wa watu wawili, bila tuta, bila kona. Sikuhitaji kwenda shule kujua watu watano watafanya nini.

Vijay alinikuta nikiwa bado chini. Aliona buti wazi, akaona betri zimekaa juu ya zulia jipya, na hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alichuchumaa karibu na kichwa changu.

"Fundi, wewe unataka Woolwich au hutaki?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye ukingo wa bati. Ningeweza kuushika mkono wake nikauweka palepale, apime mwenyewe, jambo la dakika moja. Nikafikiria milango ya bluu. Nikafikiria Agathe na barua yake ya uhamisho, na mchungaji na kufuli lake. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimekwisha lala kabisa.

"Nataka, patron."

"Basi toa hizo."

Nikazitoa. Jumamosi nililiosha gari, nikalikausha kwa ngozi laini, nikajaza upepo. Ule ukingo ningeweza kuukunja kwa juu kwa nyundo na kipande cha mti, kazi ya saa moja, lakini rangi ingepasuka, na rangi ile Vijay alikuwa akiikagua kila asubuhi. Ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia pia kwamba kutoka Neasden hadi Stanmore si mbali, kwamba wataendesha polepole, kwamba mama ni mwepesi. Mtu akitaka kunyamaza hakosi hesabu za kumsaidia.

Mama huyo aliitwa Lata. Ningependa mumjue. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mfupi, na sauti nzito isiyolingana na mwili. Kila Ijumaa alimpa Vijay kifurushi cha chapati na achari kilichoandikwa jina langu, kwa sababu siku ya kwanza aliyoniona alisema nimekonda kama mtu aliyetoka safari. Kiswahili chake kilikuwa na maneno ya kuuliza. Umekula? Watoto wazima? Mke anapata usingizi? Katika gereji ile yeye peke yake aliniuliza vitu ambavyo havikuwa na nati.

Jumapili nilikuwa kanisani Woolwich. Baraka zilifanyika bila mimi, na nimeambiwa zilipendeza. Kisha Vijay akashika usukani, mkewe Kavita kando yake, na nyuma wakakaa shangazi wawili na Lata, Lata upande wa dirisha la kulia. Wakaondoka kwenda Stanmore kula. Karibu na nyumbani kuna barabara yenye matuta ya kupunguzia mwendo. Tuta la kwanza walisikia mkwaruzo. Vijay alidhani ni mawe. La pili lilikuwa kwenye kona, uzito wote ukaegemea kulia, na ukingo ukalichana tairi ubavuni kama kisu kwenye papai. Gari likayumba, likapanda kando, likaegemea mti kwa ubavu uleule aliokaa Lata. Wengine walitoka na michubuko. Yeye alivunjika nyonga.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia vizuri sana, na guu likavunjika la mama yake.

Jumanne Vijay aliniita ofisini. Alikuwa hajanyoa. Nilijiandaa kufukuzwa, na ndani yangu nilijiandaa pia kusema kila kitu, nyama, betri, ukucha, vyote. Hakunipa nafasi. Alinieleza kwamba watu wa bima wataleta maswali. Mwenye gari akiwa alijua hatari, hawatalipa kitu. Fundi akiwa amesahau kupima, basi ni ajali ya kazini, bima ya gereji itabeba, mama atapata matunzo na mwanamke wa kumsaidia nyumbani. Akasukuma karatasi nyeupe mezani.

"Andika wewe ulisahau. Kwa mkono yako. Woolwich iko palepale."

Niliomba nikaandike nyumbani, kwa sababu Kiingereza changu cha maandishi ni kibovu. Jioni nilikaa na karatasi mezani jikoni, na binti yangu Miradie, wa miaka kumi na minne, akanisaidia. Huyo Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu ni Kiingereza tu. Nikamwambia aandike kwamba mimi Kizito nilifunga rimu na matairi, kwamba ni desturi kulipima gari likiwa na uzito, na kwamba nilisahau. Aliandika rasimu kwa mwandiko wake mzuri, kisha akaniangalia.

"But did you, Papa?"

Badala ya kumjibu kama kweli nilisahau, nikamwambia amalize. Akamaliza, na mimi nikanakili kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, nikatia sahihi. Agathe alikuwa anaosha vyombo na mgongo wake umetugeukia. Alijua habari ya betri, nilikuwa nimemwambia usiku wa siku ileile nilipozipakia, na yeye pia alikuwa na barua yake ya uhamisho.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali kumwona Lata. Nilinunua maua, nikayaona ya kipuuzi, nikaongeza machungwa. Alikuwa amezama kwenye mito, mdogo kuliko nilivyomzoea, lakini sauti ilikuwa ileile. Akaniuliza kama nimekula. Hapo nikavunjika. Nilimwambia yote, na nilipofika kwenye maneno ya nyama na kiti chake, alininyamazisha kwa mkono.

"Nani alisema hiyo? Mimi? Gari si jiko yangu. Nakuru tulikuwa tunapanda lori na kuku na mbuzi."

Nikasema Vijay ndiye aliyesema. Nilitegemea amlaani mwanawe, na sitaficha kwamba nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo pia. Nilitaka mtu mmoja katika familia ile aseme Kizito hakukosea.

"Huyu anaona kinyaa, halafu anasema ni dini," akasema. "Nimemzaa, namjua. Lakini wewe, baba, unanijua miaka tatu. Simu yangu unayo. Kwa nini hukuniuliza?"

Namba yake nilikuwa nayo kweli. Alinipa mwenyewe, ili nimwambie achari ikiisha. Nilimenya chungwa nikamwekea kwenye sahani, nikaaga. Hakutembea tena bila kushikwa.

Bima ililipa. Gari lilinyooshwa, likapakwa rangi upya, na safari hii ukingo wa madigadi ulikunjwa bila mtu kuuliza. Mwezi wa kumi na moja ukapita. Kila siku nilingoja Vijay anitajie ufunguo. Agathe alikuwa amekwisha hamia Woolwich kikazi na alikuwa akipanda mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, akingoja nami. Mwishoni nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta uwanjani akitazama Mustang lake, mikono mfukoni, nikamuuliza tutafungua lini.

Alisema Woolwich amempa mtu mwingine. Pacifique, Mrundi mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwa rafiki yake. Alisema taratibu, bila hasira, akiniangalia usoni, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nikamkumbusha ahadi. Nikamkumbusha karatasi, kwamba nimeandika alichotaka, kwa mkono wangu, na jina langu limechafuka kwa watu wa bima ili lake libaki safi.

"Najua," akasema.

"Na unajua mimi sikusahau."

"Najua. Ungekuwa umesahau kweli, ningekupa Woolwich. Mtu anasahau, unamkumbusha. Lakini wewe ulipima. Uliona tairi itakatika, na ulijua mama atakaa pale. Ukanyamaza kwa sababu unataka kitu kwangu."

Nilitaka kumrukia. Huyu, aliyemsingizia mama yake kinyaa chake mwenyewe. Huyu aliyechuchumaa kando ya kichwa changu akaniuliza nataka au sitaki. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Mimi nilikuwa mjinga, sawa, kila siku naiona mama kwa kiti. Lakini Woolwich wajinga watakuja wengi, Kizito. Kila mmoja atataka rimu kubwa. Na wewe utataka wasiende kwa jirani. Utawaambia ni hatari?"

Akangoja. Kwa kweli alingoja, kama mtu anayetaka kujua. Mimi nikatafuta jibu. Nilikuwa na maneno mengi, ya nyama, ya betri, ya Bukavu na gereji ya baba yangu, ya mtu aliyesugua vyoo miaka mitatu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichouliza.

"Sijui, patron," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia kuna gari la mteja linangoja matairi mawili ya mbele. Nikaenda kuyafunga.